Burundi: Misa ya Jumanne

Askari hupewa amri nyingi, lakini ni chache zinazomtuma kuvunja ibada. Katika nchi jirani ya Burundi amri hizo zilitolewa.

Tarehe 1 Novemba 1976 jeshi lilimpindua Michel Micombero na kumweka madarakani Luteni Kanali Jean-Baptiste Bagaza. Mwanzo ulitia moyo. Kodi ya kichwa ilifutwa, na pia ubugererwa, desturi iliyomfunga mkulima kwa mwenye ardhi. Si haki kuyasahau hayo.

Hata hivyo serikali hiyo hiyo iliingiwa na hofu ya Kanisa Katoliki, ambalo waumini wake walikuwa zaidi ya nusu ya raia. Watoto wa wakulima, wengi wao Wahutu waliokosa nafasi shuleni, walijifunza kusoma na kuandika Kirundi katika vituo vya kanisa vilivyoitwa Yaga Mukama. Mauaji ya 1972 yalikuwa yamewafyeka Wahutu waliosoma na kuwaleta Tanzania makumi ya maelfu ya wakimbizi. Maofisa wa Kitutsi kutoka Bururi, walioishika dola, walimwona mkulima anayejua kusoma kuwa ni hatari. Ugomvi haukuwa juu ya Mungu hata kidogo.

Basi amri zikafuatana. Wamisionari wa kigeni walifukuzwa kwa mamia. Misa za siku za kazi zilipigwa marufuku. Aliyesali Jumapili alikuwa raia mwema, aliyesali Jumanne mhalifu. Mwaka 1986 seminari ndogo zilitwaliwa na serikali, na jumuiya za waumini zilizoitwa Inama Sahwanya zikavunjwa. Mapadri kadhaa walitiwa gerezani, na walinzi wao, katika nchi kama ile, wengi walikuwa wamebatizwa kama wao.

Tarehe 3 Septemba 1987, Bagaza akiwa Québec, Kanada, kwenye mkutano wa nchi zitumiazo Kifaransa, Meja Pierre Buyoya, mzaliwa wa Rutovu kama yeye, alitwaa madaraka. Mapadri wakafunguliwa, na marufuku ya ibada ikaondolewa. Lakini hofu ya mkulima wa Kihutu ilibaki kambini. Agosti 1988, huko Ntega na Marangara, baada ya Watutsi kushambuliwa na kuuawa, jeshi liliua maelfu ya Wahutu, na wakimbizi wakavuka kuingia Rwanda.