Kuuza Nyumba, Kubakiza Ardhi: Hoja Kuhusu Mitaa ya Kaunti ya Mombasa

Kaunti inapofikiria kujenga nyumba za bei nafuu za kuuza, mjadala huishia kwenye bei ya siku ya kwanza: fleti itauzwa kiasi gani, amana ni asilimia ngapi, nani anaruhusiwa kuomba. Mauzo ya pili hayazungumzwi. Makala haya yanashikilia kwamba hapo ndipo unafuu hupotea, na kwamba Mombasa ina uzoefu wake wa kale unaoweza kuuzuia usipotee.

Mfano wa karibu ni Buxton, mtaa wa kaunti uliokuwa na nyumba 520 za wapangaji. Kaunti iliingia ubia na mwekezaji binafsi: yenyewe ikatoa ardhi, mwenzake akatafuta mtaji, kwa mpango wa kujenga nyumba 1,860 mahali pale pale. Tuchukue, kwa hesabu tu, fleti ya shilingi milioni 2, amana asilimia 10, na mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9. Mnunuzi atalipa takriban shilingi 16,200 kwa mwezi, mzigo ambao karani wa bandarini anayepata 50,000 ataubeba kwa kujibana. Miaka michache baadaye akiiuza kwa milioni 4, mnunuzi wa pili atalipa takriban 32,400 kwa masharti yale yale. Karani wa pili hana nafasi tena. Thamani ya ardhi ya umma imeshaingia mfukoni mwa mtu mmoja, tena kihalali kabisa. Ni kweli kwamba Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamtaka mwenye nyumba iliyo chini yake apate kibali cha maandishi cha Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu kabla ya kuuza, lakini kibali peke yake hakipangi bei.

Dawa yaweza kutoka kwenye uzoefu wa kale wa Mombasa yenyewe: watu wa Majengo na Kisauni hawahitaji kufundishwa kwamba nyumba na kiwanja vyaweza kuwa na wenyewe tofauti. Katika utaratibu wa nyumba bila ardhi, mtu hujenga nyumba yake ya Kiswahili, ushoroba katikati na vyumba huku na huku, akamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, na vyumba asivyovihitaji akavipangisha. Nyumba hurithiwa na huuzwa, kiwanja hakiguswi. Sheria ya Kiingereza, inayohesabu kilichojengwa kuwa sehemu ya ardhi, haijawahi kustarehe na jambo hili. Hata hivyo wengi wa kipato kidogo walipata nyumba mjini kwa sababu hawakulazimika kununua kiwanja kwanza. Kasoro yake nayo tunaijua: mara nyingi mwenye nyumba hana hati yoyote zaidi ya risiti za kodi, na siku kiwanja kinapopata mwenyewe mpya asiyemjua mtu, hujikuta akiokoa mabati na milango. Tatizo hapo ni udhaifu wa mkataba. Kule kutenganisha nyumba na ardhi hakuna kosa.

Udhaifu huo unatibika. Mjini Voi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa kijiji cha Tanzania-Bondeni walichagua kumiliki ardhi yao kwa pamoja kupitia amana ya jamii, yaani chombo kinachoishika ardhi kwa niaba yao, kila kaya ikipangiwa kupata haki ya maandishi juu ya nyumba yake. Kwa kanuni za mpango huo, aliyehama aliweza kuuza alichojenga, si ardhi. Utayarishaji wa hati ulikuwa mzito, na maafisa hawakuuzoea mfumo huo. Sidhani kama hilo ni sababu ya kuuacha. Singapore nayo huuza fleti za serikali kwa hati ya miaka 99, na wanaozinunua huhesabiwa wenye nyumba, si wapangaji wa kawaida.

Pingamizi lenye uzito ni la haki: kwa nini maskini azuiwe kupata faida ambayo tajiri wa Nyali anaipata bila kuulizwa? Jibu langu ni kwamba hazuiwi kupata faida yote. Arudishiwe alicholipa, thamani ya ukarabati wake, na nyongeza inayolingana na mfumuko wa bei. Anachokosa ni ongezeko la thamani ya ardhi, ambayo hakuinunua. Ibara ya 62 ya Katiba inaiweka ardhi ya umma ya aina hii mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wakazi wote, wakiwemo wale ambao bado wanapanga chumba Mishomoroni.

Kwa hiyo kanuni ya bei ya kuuza tena, pamoja na haki ya kaunti kuwa mnunuzi wa kwanza, ziandikwe ndani ya hati ya kila fleti kabla ya fleti ya kwanza kuuzwa. Baada ya hapo kila sharti jipya litahitaji ridhaa ya mwenye nyumba, na sioni kwa nini aitoe.