Uzoeaji: Kunguru wa Mama Lishe na Debe la Shambani

Pale Katoro, mkoani Geita, mama lishe akimwaga ukoko kando ya jiko, kunguru mwenye kifua cheupe hutua karibu kabisa na miguu yake. "Huyu kanizoea," atakwambia, bila hata kugeuka.

Hapo "kuzoea" kumebeba mambo mawili. Kunguru kujua ukoko unamwagwa wapi na saa ngapi, huko ni kujifunza. Ndivyo walivyofanya ndege wadogo wa Swaythling, Uingereza, walioonekana mwaka 1921 wakitoboa vifuniko vya chupa za maziwa milangoni mwa watu. Lakini kutoruka mama anapoinua mwiko ni habari nyingine. Mwiko umeinuliwa mara nyingi na haujampiga, basi ameacha kuushtukia. Hilo la pili Waingereza huliita habituation, nami naliita uzoeaji.

Kwa nini si "mazoea"? Neno hilo lina lawama ndani yake. Tunamsema mtumishi kwamba anafanya kazi kwa mazoea. "Uzoefu" nao umeshachukuliwa na matangazo ya ajira. Kiambishi -ji, kama katika ufugaji na uwindaji, kinatupa tendo likiwa linaendelea, na uzoeaji ni mwendo hasa: leo ndege anaruka hadi juu ya paa, kesho anasogea hatua mbili, mtondo anainua shingo tu.

Wala si uchovu. Akitokea mbwa mgeni, kunguru yuleyule yuko juu ya mwembe kabla hujapepesa. Mwaka 1966 watafiti Thompson na Spencer walitaja sifa tisa za uzoeaji. Mbili zinatosha hapa: kitisho hafifu huzoeleka upesi kuliko kikali, na kitisho kikikoma kwa muda, mshtuko hurudi.

Mkulima wa mtama Shinyanga hahitaji kusomewa hayo. Anajua sanamu iliyovishwa shati kuukuu hufaa siku chache tu, kisha ndege hutua hadi begani mwake. Debe likigongwa kwa mdundo uleule kutwa nzima, kwelea kwelea hulichukulia kama upepo. Kwa hiyo anayeamia ndege juu ya dungu habaki na silaha moja: atagonga debe, atanyamaza, atapiga ukelele, atatoa kombeo. Jiwe likimpata mmoja kweli, hata debe hurudishiwa heshima yake kwa muda. (Kuamia, dungu, kombeo: msamiati wote tunao, ila hatuuiti sayansi.)

Katika uchimbaji wa dhahabu jambo hili lina uzito zaidi. Sayanaidi inayotenganisha dhahabu na mwamba huishia katika mabwawa ya topesumu, na ndege mwenye kiu haoni pale ila maji. Kanuni ya kimataifa ya sayanaidi imeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita katika maji yaliyo wazi ambayo wanyama na ndege wanaweza kuyafikia, kwa kipimo cha sayanaidi iliyo rahisi kuachana na metali. Baadhi ya migodi duniani hufukuza ndege kwa mizinga ya gesi. Mzinga unaolia kila baada ya dakika zilezile, na usiomdhuru yeyote, ni debe lilelile la shambani, isipokuwa kwamba hapa ndege akishauzoea anashuka kunywa. Ndiyo maana kwingine hutandazwa neti juu ya maji yenyewe.