Saa janja: tazama nini kabla ya kutoa pesa yako

Jioni ukipita Mama Ngina Drive utaona vijana wakikimbia, kina mama na mabuibui yao na raba miguuni wakitembea kwa kasi, na wazee wakitimiza ile nusu saa walioambiwa na daktari. Wengi wao wana saa janja mkononi. Wengine wamejinunulia, wengine wametumiwa na watoto walio Dubai, Muscat au Jeddah. Na wale ambao bado hawana huniuliza swali moja: ninunue gani?

Jibu langu huwa ni swali: wataka ikufanyie kazi gani? Saa ya mtu anayefanya mazoezi ya mbio ndefu si saa ya mzee anayetembea baada ya Alasiri, na wala si saa ya karani anayetaka tu kujua nani anapiga simu. Kisha huongeza onyo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: hakuna saa inayokupima sukari. Nitalieleza mbele.

Anza na simu yako

Kabla hujatazama rangi na umbo, tazama simu iliyo mfukoni mwako. Apple Watch hufanya kazi na iPhone tu. Mwenye Android akiinunua, amenunua bangili ya bei ghali. Saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 iliyotoka mwaka 2021, pamoja na Pixel Watch za Google, ni za Android tu na haziungani na iPhone. Saa nyingi za Garmin, Amazfit, Huawei na Xiaomi huungana na simu za aina zote mbili, ingawa kwa mwenye iPhone baadhi ya mambo hupungua, kama vile kujibu ujumbe kutoka kwenye saa.

Huku kwetu simu huteremka ndani ya familia: kaka akinunua mpya, ya zamani humwendea mdogo wake. Saa inayokubali simu zote hudumu nawe zaidi.

Inapima nini, na kwa kiasi gani

Hatua huhesabiwa na kidude kidogo ndani ya saa kinachohisi mwendo wa mkono. Ndiyo maana ukipanda bodaboda kwenye barabara mbovu huweza kukuongezea hatua ambazo hukutembea, na ukisukuma mkokoteni huku mikono imetulia, hukupunja. Hilo lisikukoseshe usingizi. Faida ya hesabu ya hatua ni kujilinganisha na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita.

Na ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha biashara cha kuhesabia hatua. Utafiti uliofanyiwa kina mama watu wazima Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea kama 2,700. Faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Basi bibi asiyefika 10,000 asivunjike moyo.

Mapigo ya moyo hupimwa kwa ule mwangaza wa kijani ulio chini ya saa. Damu hufyonza mwangaza huo. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kwenye kifundo cha mkono na mwangaza unaorudi hupungua, nayo saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Ili isome vizuri, ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikae barabara bila kubana. Tatuu huweza kuuzuia mwangaza, na piko nyeusi iliyopakwa nzito mahali hapo yaweza kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo bibi harusi asishtuke saa ikipotea njia.

Kalori ni habari nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, vifaa 6 kati ya hivyo 7 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kwa hivyo saa ikikwambia umechoma kalori 400, usiichukue hesabu hiyo ukaenda kujilipa kwa sahani ya biriani.

Kwa mkimbiaji, uliza kama saa ina GPS yake yenyewe au yaazima ya simu. Yenye GPS yake hukupimia umbali hata simu ukiiacha nyumbani. Hilo lina faida ya usalama pia, kwani simu mkononi alfajiri huvuta macho ya watu wabaya.

Sukari na presha: hapa ndipo penye hatari

Madukani na mitandaoni zimejaa saa za bei rahisi, nyingi zikiigiza umbo la Apple Watch Ultra, zinazodaiwa kupima sukari, presha, hata mafuta ya damu, bila tone la damu. Mtaani kwetu namjua mama mmoja mtu mzima, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, aliyeletewa saa ya namna hiyo na mwanawe kutoka Ghuba. Kijana alifanya hivyo kwa mapenzi, na mama akaipokea kwa dua. Kila asubuhi ilimwonyesha sukari yake iko sawa. Akaacha kudunga kidole, na siku za kliniki zikampita. Alipopimwa hatimaye kwa kipimo cha kidole, sukari ilikuwa juu sana, na mguu ulishaanza kidonda.

Mnamo Februari 2024 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Ikaeleza kwamba anayefuata vipimo hivyo huweza kumeza dawa au kujidunga insulini kupita kiasi, sukari ikashuka ghafla, na mtu akapoteza fahamu au kufa katika muda wa saa chache. Kuna vihisi vinavyobandikwa mwilini, vyenye kijisindano kinachoingia chini ya ngozi, ambavyo hutuma vipimo kwenye simu na saa. Hapo anayepima ni kijisindano. Saa yaonyesha tu.

Presha ina maelezo kidogo. Baadhi ya saa za Samsung zina kipimo cha presha, lakini kampuni yenyewe yataka uilinganishe na mashine ya kufunga mkononi kila baada ya siku 28. Huawei Watch D ina mfuko mdogo wa hewa kwenye mkanda, unaojaa na kubana kifundo kama ile mashine ya kliniki. Hata kwa hizo, usipunguze wala kuongeza dawa bila daktari. Na saa zenye uwezo wa kuchora umeme wa moyo, kama Apple Watch tangu Series 4 ya mwaka 2018, huweza kutambua mapigo yasiyo na mpangilio, lakini hazitambui mshtuko wa moyo. Kifua kikikubana, nenda hospitali.

Nina jaribio moja la dukani. Kunja leso iwe nene kama mkono, ifunge saa hiyo, kisha ubonyeze ipime. Kwa mapigo ya moyo hata saa nzuri huweza kubabaika na kitambaa. Lakini ikiwa leso imetoka na presha ya 120 kwa 80, hujapimiwa kitu. Umetajiwa nambari.

Maji, chumvi na jasho

Tafuta maandishi ya 5ATM. Maana yake ni kwamba saa imejaribiwa kwa shinikizo la maji yaliyotulia la kina cha mita 50, kwa hivyo yafaa kuogelea, si kupiga mbizi. Yenye IP68 peke yake huvumilia mvua na jasho, ila usiingie nayo baharini. Wakati wa udhu ivue au isogeze ili maji yafike kwenye ngozi.

Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe. Chumvi na jasho letu la pwani hula vile vipini vya chaji vilivyo nyuma ya saa. Sabuni na manukato huchosha mipira inayozuia maji. Na mkanda wa silikoni usiokaushwa huleta upele, kwa hivyo upe mkono mapumziko.

Chaji

Apple Watch nyingi hukaa na chaji saa kama 18, na za Samsung siku moja au mbili. Amazfit Bip, Huawei Watch Fit na bangili za Xiaomi hufika wiki moja au zaidi kwa matumizi ya kawaida, ila GPS ikiwashwa muda mrefu chaji huisha upesi. Kwa mtu ambaye umeme humkatikia usiku mzima, hilo si jambo dogo. Uliza pia upatikanaji wa chaja, kwani saa nyingi zina chaja ya namna yake na ya jirani huenda isiingie.

Swala, saumu na faragha

Kwenye Apple na kwenye saa za Android zipo programu za nyakati za swala na za kuelekeza kibla. Hata saa isiyo nazo ina kengele ya mtetemo, ambayo hukuamsha Alfajiri bila kumwamsha mwenzio. Mwezi wa Ramadhani saa itakulaumu kwamba hukulala vizuri, kwa sababu haijui daku. Zima maonyo hayo mpaka Idi.

Chuja arifa pia. Ukiruhusu kila kitu, ujumbe wa M-Pesa utajitokeza kwenye kioo na aliyekaa nawe kwenye matatu atasoma salio lako. Na programu ya saa ikiomba kusoma majina yako yote, ujumbe na picha, jiulize hesabu ya hatua yahitaji picha za nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, nawe una haki ya kutaka zifutwe. Lakini kampuni isiyo na jina wala anwani utaidai wapi?

Ukifika dukani

Iunganishe saa na simu yako mwenyewe kabla ya kulipa. Weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, ulinganishe na saa. Isipishane sana ukiwa umetulia. Kwa saa iliyotumika, hasa Apple, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameiondoa kwenye akaunti yake, la sivyo itakukataa. Chukua risiti yenye muda wa dhamana.

Kama ni kutembea na kujua usingizi, bangili ya Xiaomi au ya Huawei yatosha, na pesa nyingine ifanyie jambo jingine. Mkimbiaji atafute yenye GPS yake, kama Garmin Forerunner au Amazfit. Anayetaka kujibu simu na ujumbe mkononi anunue Apple au Samsung kulingana na simu yake, akubali kuchaji kila siku.

Na ukiwa na mzazi mwenye sukari au presha, mnunulie kwanza kipimo cha kidole na stripu zake, au mashine ya presha ya kufunga mkononi. Saa ifuate baadaye, ya kumhesabia hatua tu. Kama tayari anayo moja ya zile zinazodai kupima sukari, usingoje: leo mkalishe, mweleze kwa upole, na mrudishe kliniki.