Kozi ya Awali ya Usanifu wa Tovuti

Kozi ya awali ya usanifu wa tovuti ni somo la chuo, kwa kawaida la muhula mmoja, linalokusudiwa wanafunzi ambao wengi wao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Hufundishwa katika idara ya kompyuta, pengine ya sanaa za michoro au ya uandishi wa habari, na idara ndiyo huamua mkazo uwekwe kwenye msimbo au kwenye rangi na herufi. Vifaa vyake ni vichache: kivinjari, programu ya kuandikia maandishi matupu kama Notepad au Visual Studio Code, na folda ya kuhifadhia kazi.

Somo huanza na HTML, lugha aliyoibuni Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Maelezo yake ya kwanza ya mwaka 1991 yalikuwa na lebo 18 tu, na ya picha haikuwemo. Hiyo ilipendekezwa na Marc Andreessen mwaka 1993. Kazi ya lebo ni kutaja kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Mwonekano si kazi yake. Hapo ndipo wengi hukwama, maana mwonekano ndio uliowaleta darasani.

Wasanifu wa miaka ya 1990 walikwama papo hapo. Walitaka kurasa zipangike kama za jarida, wakachukua majedwali, yaliyokusudiwa takwimu, wakayafanya viunzi vya kupangia maandishi na picha. David Siegel aliieneza mbinu hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1996, pamoja na ile ya kuchomeka kipicha kisichoonekana ili kutanua nafasi. Kurasa zilipendeza kweli. Ila mwenye tovuti akitaka kupunguza upana wa safu moja, alilazimika kufungua faili baada ya faili. Dawa ilikuwa CSS, iliyopendekezwa na Mnorwe Håkon Wium Lie mwezi Oktoba 1994 na kuidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996: maudhui yakae kwenye faili lake, mapambo kwenye faili lingine. Vivinjari vilichukua miaka kuifuata sawasawa.

Wakufunzi wengi huonyesha faida yake kwa tovuti ya CSS Zen Garden, iliyofunguliwa na Dave Shea wa Kanada mwaka 2003. HTML ni ileile, haiguswi. Wasanifu huleta CSS zao. Bofya mara moja, ukurasa ni bango la sarakasi. Bofya tena, ni bustani ya Kijapani.

Maabara nayo ina masomo yasiyoandikwa kwenye mtaala. Mwanafunzi ameandika picha.jpg kwenye msimbo, lakini faili lenyewe linaitwa Picha.JPG. Kwenye kompyuta yake ya Windows picha inatokea bila shida, kwa kuwa Windows haibagui herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Akipandisha kazi kwenye seva ya Linux, inayobagua, picha haipo. Kisa kingine kinawahusu hasa wanaoandika Kiswahili. Maandishi yakinakiliwa kutoka Word, alama ya ng’ huja na kipindo, na kivinjari kisipoambiwa kuwa ukurasa umehifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, ng’ombe anaweza kutokea kwenye skrini akiwa “ng’ombe”. Mstari mmoja juu ya ukurasa unamaliza tatizo.

Simu ilibadilisha mtaala kuliko kitu kingine chochote. Mwezi Mei 2010 Ethan Marcotte alichapisha makala iliyoeleza namna ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kufuata upana wa skrini, na tangu CSS Grid, mfumo wa CSS wa kupanga ukurasa, ilipoingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017, kazi hiyo imekuwa nyepesi. Kozi nzuri huanzia skrini ndogo kwenda kubwa. Picha pia hupimwa: ya kamera ya simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 ilhali ukurasa unaionyesha kwa 400, na gharama ya bando inabaki kwa msomaji.

Ufikivu kwa watu wenye ulemavu huachwa mara nyingi hadi wiki za mwisho, jambo la kusikitisha, kwani ni rahisi kuufundisha mapema. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 unataka, katika kiwango chake cha AA, maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu cha #777777 juu ya nyeupe, wanachokipenda sana wasanifu, kinafeli kwa unywele: 4.48. Ukurasa wa Kiswahili nao hutakiwa kujitambulisha kwa alama “sw”, ili programu inayomsomea asiyeona ijue isitamke maneno kama ya Kiingereza.

JavaScript, lugha ya programu ambayo Brendan Eich aliitengeneza kwa takriban siku 10 mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, huonjwa tu mwishoni. PHP na hifadhidata, zinazopokea na kuhifadhi yanayotumwa kwenye seva, huachiwa kozi ya pili. Ndiyo maana fomu ya mawasiliano katika mradi wa mwisho wa muhula huwa na kitufe kizuri cha “Tuma”, chenye rangi na kivuli, ambacho hakitumi kitu popote.