Ukanda wa Maji Kuzunguka Nyota

Mkulima wa Nyeri hahitaji kuelezwa maana ya ukanda. Ukitoka Mukurwe-ini kupitia Othaya kuelekea msitu wa Aberdare, unaanza na kahawa, kisha kahawa inakwisha na majani chai yanashika. Wanaastronomia nao wana ukanda wao: ule umbali kutoka kwenye nyota ambapo maji yanaweza kubaki kimiminika juu ya uso wa sayari. Ukisogea karibu mno na nyota, maji yanageuka mvuke. Ukienda mbali mno, yanaganda. Mwanasayansi James Kasting na wenzake walipiga hesabu mwaka 1993, wakauweka ukanda wa Jua letu kati ya mara 0.95 na mara 1.37 ya umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua. Zuhura imebaki upande wa joto na Mirihi upande wa baridi.

Tuuiteje? Upo uwezekano wa kusema ukanda wa uhai, lakini hilo ni kuahidi kisichojulikana, maana hakuna kiumbe hata kimoja kilichothibitishwa nje ya Dunia. Ukanda unaokalika ni Kiswahili kizuri, nao ndio unaofuata Kiingereza cha leo, ila kukalika ndilo swali lenyewe ambalo watafiti bado wanalitafutia jibu. Mimi nashikilia ukanda wa maji. Mwaka 1953 mwanaastronomia Mmarekani Harlow Shapley aliuita mshipi wa maji ya kimiminika, na kwa maoni yangu jina hilo lilistahili kudumu, kwa sababu linataja kile tu kinachopigiwa hesabu.

Hata hayo maji yenyewe hayategemei umbali peke yake. Bandika sufuria karibu na Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na maji yatachemka kwenye nyuzi 83 hivi badala ya 100, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Maharagwe utayangoja sana. Kule Mirihi, ambako kanieneo haifikii hata asilimia moja ya ile ya usawa wa bahari huku kwetu, maji yaliyomwagwa wazi hayakai: yanaganda au yanapotea hewani. Tena kuwa ndani ya ukanda si kuhakikishiwa chochote. Kieni, huko huko Nyeri, iko kwenye mwinuko unaolingana na wa mashamba ya chai, lakini ni kame kwa sababu milima inaizuilia mvua.

Uhai nao una njia zake. Kwenye bonde la Teleki la Mlima Kenya, njia ya Naro Moru, huota lobelia kubwa ambayo majani yake yamepangika duara na kushika maji katikati. Usiku juu ya maji hayo hutanda utando wa barafu. Chini yake maji hayagandi, na chipukizi linanusurika hadi jua litoke. Ndiyo maana watafiti hawaudharau mwezi wa Mshtarii uitwao Europa. Uko mbali kabisa nje ya ukanda wa maji, lakini kuna ushahidi mzito kwamba chini ya barafu yake mna bahari. Chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024 kwenda kuuchunguza.

Wakenya wamekwisha kuweka jina angani. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali pendekezo la kikundi cha Kenya kwamba sayari GJ 1214 b iitwe Enaiposha, neno la Kimaasai linalohusu maji mengi. Darubini ya James Webb ilipima joto lake: nyuzi 279 upande wa mchana na 165 upande wa usiku. Iko nje ya ukanda, upande wa joto.

Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walitangaza dalili za gesi ambayo hapa duniani hutengenezwa na viumbe, katika hewa ya K2-18 b, sayari iliyo umbali wa miaka-nuru 124. Wanasayansi wengine walipinga upesi, wakisema data haitoshi. Msomaji aliyeambiwa kwamba sayari hiyo imo katika ukanda wa uhai angekwisha kuamini nusu ya dai kabla ya kusoma ushahidi. Wahariri wa habari na walimu wa fizikia, andikeni ukanda wa maji, na neno uhai mliache hadi utakapopatikana.