Bunduki ya Misumari: Usitoe Doh Kabla Ujue Ni Gani Inafaa Kazi Yako

Kitanda kimetoka kwa fundi Jumamosi, Jumatatu kimerudi. Miguu imeachana na fremu, mteja amenuna na anataka pesa yake. Ukicheki pale mbao zilipoungana, unapata misumari myembamba kama sindano. Manze, mashine haikuwa mbovu. Ilipewa tu kazi isiyo yake.

Ukiulizia bunduki ya misumari kwa hadwea, kuna uwezekano mkubwa utaonyeshwa F30. Ni ndogo, na bei yake haiumi sana. Hiyo 30 inamaanisha msumari mrefu zaidi inaoweza kupiga ni wa milimita 30. Ndugu yake F50 inafika 50. Zote zinakula msumari wa geji 18, unene wake kama milimita 1.2. Na hapa ndio watu huchanganyikiwa: geji ikipanda, msumari unakonda. Geji 23 ni kama uzi, 16 na 15 ndio zimeshiba.

F30 ni ya plywood ya nyuma ya kabati, chini ya droo na vile vibao vya urembo. Inaacha kashimo kadogo, unaziba, unapaka, hakuna msee ataona. Lakini kwa kitanda ama meza, kazi yake ni moja: kushikilia mbao mpaka gundi ikauke. Uzito unabebwa na gundi yenyewe, skrubu, ama ulimi na tundu. Fundi akikuambia bunduki imechukua nafasi ya hivyo vyote, shika doh yako.

Kuna hesabu rahisi. Msumari uwe mrefu kama mara tatu ya unene wa ubao unaopigilia juu. Plywood ya milimita 9 inataka 27, F30 iko sawa. Ubao wa 12 unataka 36, na hapo F30 imeshindwa, chukua F50. Hakikisha tu hautokei upande wa pili.

Fremu za milango na skating zinataka geji 16, misumari yake hufika kama milimita 64. Trasi za paa ni za bunduki kubwa ya fremu, misumari ya 50 hadi 90, unene kama milimita 3. Usiilete kwa fanicha, itapasua mbao. ST64 nayo ni ya misumari ya simiti, usidanganywe na ukubwa wake. Wa sofa, nunua stepla. Msumari wa F30 una kichwa kidogo sana, kitambaa kikivutwa kinachomoka.

Mbao pia zina kiburi. Saiprasi ina vifundo vingi, na msumari mwembamba ukigonga kifundo unaweza kupinda na kutokea kando, pale pale kidole chako kiko. Weka mkono mbali kuliko urefu wa msumari, na ujaribu kwanza kwa kipande cha kutupa, hasa kama ni mkaratusi mkavu.

Angalia traiga. Kuna ile lazima ubonyeze pua kwa mbao kwanza, halafu uvute, msumari mmoja kila mara. Kuna ingine ukishikilia traiga, kila ikigusa kitu inapiga, hata kama kitu ni paja lako. Kama unaanza, chukua ya kwanza.

Kwa upepo, kompresa ndogo ya lita 24 inatosha F30. Stima ikipotea unarudi kwa nyundo, ama ujipange na ya betri, ambayo bei yake imechangamka. Usiwahi kuunganisha bunduki na mtungi wa oksijeni wa jirani anayechomelea vyuma, inaweza kulipuka. Msumari ukikwama, chomoa paipu kwanza ndio ufungue.

Na kabla ulipe, uliza kama misumari ya hiyo saizi inapatikana mtaani kwenu.