Miaka 12 Kutoka Tanga Hadi Mombo: Reli Inavyotufundisha Kusoma Grafu

Ukishuka Mombo na kupanda gari la Lushoto, jiandae kwa kona. Barabara ina kilomita kama 33, unapita Soni na maporomoko yake, na mpaka unafika juu umeshapanda karibu mita 1,000. Lakini hebu chukua ramani, weka rula kati ya Mombo na Lushoto. Hazifiki kilomita 15! Nyingine zimeliwa na kona.

Hapa ndipo wengi wetu tulipopotea darasani. Zile kilomita 33 ni umbali uliosafiri. Zile za kwenye rula, pamoja na upande zinakoelekea, yaani kaskazini, ndizo uhamisho (siyo ule wa mwalimu kupelekwa shule nyingine). Gawanya umbali kwa muda, unapata kasi. Gawanya uhamisho kwa muda, unapata kasimwelekeo. Ukienda Lushoto asubuhi na kurudi Mombo jioni, umesafiri kilomita 66, lakini uhamisho wako wa siku nzima ni sifuri. Nauli, hata hivyo, umelipa mara mbili.

Sasa tuchore grafu. Badala ya ule mfano wa gari lisilo na jina, tutumie reli iliyofika hapo Mombo zamani za Wajerumani. Kinachosafiri kwenye grafu yetu siyo treni, ni ncha ya reli yenyewe. Tanga ni sifuri, na tunahesabu kilomita kwa kufuata njia ya reli. Miaka iweke kwenye mstari wa chini, kilomita kwenye mstari wa pembeni.

Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, kilomita 40. Mwaka 1902 ikafika Korogwe, kilomita 84. Mwaka 1905, Mombo, kilomita 129. Mwaka 1911, Moshi, kilomita 352. Weka nukta hizo tano, kisha ziunganishe.

Utaona mstari haukunyooka. Mwinamo wa kila kipande ndio kasimwelekeo ya ujenzi. Kutoka Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 13 kwa mwaka. Muheza hadi Korogwe, 7 tu. Korogwe hadi Mombo, 15. Mombo hadi Moshi, 37. Kadiri mstari unavyosimama wima, ndivyo reli ilivyokwenda haraka. Pale unapolala, ujue kuna jambo.

Na kweli lilikuwepo. Kampuni iliyokuwa ikijenga iliishiwa fedha, kazi ikakwama baada ya Muheza, na mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikainunua reli. Kwa hiyo hata ile 7 ni wastani unaoficha mengi: miaka ya kusimama na miaka ya kujenga vimechanganywa pamoja. Ukichukua safari nzima, kilomita 352 kwa miaka 18, unapata karibu 20 kwa mwaka. Lakini angalia tena: hakuna hata kipande kimoja kilichokwenda kwa 20.

Tugeuze kazi. Tuseme umepewa kasimwelekeo tu, hujui reli imefika wapi. Chora grafu ya pili, kasimwelekeo kwa miaka. Utapata mabati manne yenye urefu tofauti. Zidisha kimo cha kila moja kwa upana wake, yaani miaka yake, kisha jumlisha: 40, 44, 45 na 223. Jibu ni 352, umerudi Moshi! Eneo chini ya grafu ya kasimwelekeo ndilo uhamisho. Wazo hili siyo geni: katika karne ya 14 msomi wa Ufaransa, Nicole Oresme, alishachora kasi kama mistari iliyosimama juu ya mstari wa muda, akaona kwamba eneo la umbo linalopatikana ndilo umbali.

Na gari lako la kurudi kutoka Lushoto? Likielekea Mombo, kasimwelekeo ni hasi, na eneo lake linakaa chini ya mstari wa sifuri. La juu na la chini yanafutana. Ndiyo ile sifuri yetu ya jioni.

Kitu kimoja grafu haikuambii. Kuanzia Mombo reli haikupanda mlima. Ilifuata bonde chini ya Usambara na Upare, huku Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, ikibaki juu. Na kwenye wilaya hiyo hiyo, mwaka 1907, wanaume walianza kupewa vipande vya kuwalazimisha kufanya kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi 4. Mwinamo unakuonyesha mambo yalikwenda haraka kiasi gani. Kwa nini, na kwa jasho la nani, hilo itabidi uulize mwenyewe.